Olimpiada ya Kirusi cha kuongea: kukariri topiki, kucheza kadi au kupiga stori na Mrusi, kipi kinamfaa mwanao?

Kila ikifika Januari Februari hivi naanza kupokea meseji za wazazi, wengi ni ndugu zetu wa huku Marekani ambao watoto wao sekondari wamechukua Kirusi badala ya Kihispania (usiniulize kwa nini, watoto wa siku hizi wana mambo yao), na swali ni lilelile, olimpiada ya kuongea hiyo inakuja, dogo tumpe nini? Akariri? Tumtafutie tuisheni ya mtandaoni? Au aendelee tu na klabu ya shule inatosha? Mimi Kirusi nilikipata kulekule kwao, nilipita podfak, ule mwaka wa maandalizi ya lugha kabla ya chuo, kama walivyopita Watanzania wengi waliopewa skolashipu, na huku nasaidia saidia kwenye klabu za wikendi, kwa hiyo mtu anategemea nimpe jibu la mstari mmoja. Halipo. Inategemea ni mtoto gani na anakwama wapi, basi acha niziweke njia zote hapa tuzilinganishe halafu kila mtu amwangalie mwanae.

Kwa asiyejua kitu chenyewe: olimpiada hii inasimamiwa na ACTR, chama cha walimu wa Kirusi wa Marekani kilichoanzishwa 1974, na inafanyika kwa kanda, majira haya ya baridi kuisha. Ni ya watoto ambao bado hawajafika chuo. Hakuna kuandika. Mtoto anaingia anakaa mbele ya majaji, ana kwa ana au kwenye skrini, anaongea. Kuna kipande cha mazungumzo ya maisha ya kila siku, kuna cha utamaduni na historia, na kuna cha shairi au kusoma. Wanapangwa kwa levo kufuatana na muda waliosoma, na watoto wanaosikia Kirusi nyumbani hawachanganywi na wale walioanzia sifuri darasani. Mwisho kuna medali, dhahabu, fedha, shaba.

Na kama unashangaa sekondari za Marekani zinafundisha Kirusi kwa sababu gani, sababu kubwa ni Sputnik. Wasovieti walirusha satelaiti ile ya kwanza duniani tarehe 4 Oktoba 1957, Wamarekani wakapigwa na butwaa, mwaka uliofuata, 1958, ikapita sheria ya kumwaga hela kwenye sayansi na lugha za kigeni, na Kirusi kikaingia shule nyingi. Nyingi zimeshaacha ila zipo zilizobaki, mfano Staten Island Technical pale New York, hiyo ni shule ya sayansi na uhandisi lakini Kirusi kila mwanafunzi anasoma, atake asitake.

Sasa kabla ya kulinganisha chochote piga hesabu moja. Wale wanaofundisha wanadiplomasia wa Marekani wamezigawa lugha kwa ugumu wake kwa mtu anayeongea Kiingereza, Kiswahili wamekipa wiki 36, Kirusi wiki 44, kama masaa 1,100 ya darasani. Mwanao ana kipindi cha dakika 45 kwa siku, siku 180 za shule, hayo ni masaa 135 kwa mwaka, na hapo hajaumwa wala theluji haijafunga shule. Akimaliza miaka minne yote hajafika hata nusu vizuri, ni masaa 540. Kwa hiyo usitegemee olimpiada imkute mtoto anatiririka. Hakuna anayetiririka levo hizo. Majaji wenyewe wanajua, wanachotafuta ni mtoto anayeweza kufanya kitu na hicho kidogo alicho nacho.

Na hapo ndo nafika kwenye hoja yangu yote, nitaisema sasa hivi ili usisome mpaka chini unaitafuta: olimpiada inaamuliwa na swali la pili. Swali la kwanza karibu kila mtoto anajibu, unaitwa nani, una miaka mingapi, eleza kuhusu familia yako, hayo wameshayaimba mpaka basi. Swali la pili ni lile jaji analolitoa kwenye jibu la mtoto mwenyewe, hajaliandika popote, mtoto hajalitegemea. Njia yoyote ya maandalizi mimi naipima hapo tu, je inamsaidia kwenye swali la pili au inamwacha amekodoa macho.

Kukariri topiki

Hii ndo njia kongwe, na sisi tuliosomea kule tunaijua sana. Topiki ni kifungu kilichoandaliwa, sentensi kumi au kumi na tano, Familia yangu, Shule yangu, Siku yangu, Mji wangu, mwalimu anakisahihisha, mtoto anakihifadhi chote mpaka anaweza kukisema amelala.

Uzuri wake usiudharau. Mtoto anapata sentensi zilizonyooka, padezhi zote sita (ile mikia ya maneno inayobadilika kufuatana na kazi ya neno kwenye sentensi) zimekaa mahali pake, matamshi yamefanyiwa kazi, na kubwa zaidi anaingia chumbani akiwa na kitu mkononi, mate hayamkauki. Kwa levo ya kwanza hakuna kitu kinachompa mtoto ujasiri haraka namna hii. Halafu ni bure. Watoto wa majumbani kwetu waliopita madrasa ndo kabisa, mtu ameshahifadhi juzuu nzima, utamtisha na sentensi kumi na tano?

Ubaya ni huu hapa. Kijana anakaa, anaanza vizuri kabisa, "U menya yest starshaya sestra", nina dada mkubwa. Jaji anatabasamu, anamuuliza "A gde ona uchitsya?", yaani anasoma wapi huyo dada. Swali jepesi, maneno yote anayajua, darasani kalifanya mara mia. Lakini kichwani kwake sentensi inayofuata ni ya nyumba, basi anamwangalia jaji, anameza mate, anasema "Nasha kvartira bolshaya", nyumba yetu ni kubwa. Jaji anarudia swali polepole. Kijana anarudia nyumba, safari hii kwa sauti. Hapo pointi zinamwagika na wala si kwamba hajui Kirusi, ni kwamba topiki imemfungia ndani, ukimkata katikati hajui arudie wapi.

Na kuna kituko kingine cha topiki, watoto wanapeana. Dada alishiriki mwaka juzi akapata medali, mdogo wake wa kiume anarithi karatasi. Kirusi kwenye wakati uliopita kitenzi kinaonyesha jinsia ya msemaji, mwanaume anasema "ya rodilsya", nimezaliwa, mwanamke "ya rodilas". Unamsikia dume la futi sita na ndevu zinaanza kuota linajitangaza kuwa limezaliwa Ohio, kwa jinsia ya kike. Majaji wanajikaza wasicheke.

Kadi na maigizo

Hapa mtoto hapewi jibu, anapewa hali. Kadi inasema umepoteza simu kwenye metro, mweleze askari. Au rafiki yako wa Moscow anakuja kukaa kwenu wiki nzima, mpangie ratiba. Au uko duka la vitabu unamtafutia bibi zawadi na hela yako haitoshi. Anachomoa, anapewa kama dakika moja ya kufikiri, anaigiza na mwenzie au na mwalimu, halafu kadi inarudi kwenye lundo na kesho anaweza kuipata tena akaijibu tofauti.

Kwa upande wa swali la pili kadi inaipiga topiki mbali sana, maana kadi yote ni maswali ya pili. Mtoto anazoea kutokujua kinachokuja. Na anazoea vile vijineno vya kujinusuru ambavyo kwenye topiki havina nafasi: "Povtorite, pozhaluysta", rudia tafadhali. "Dayte podumat", ngoja nifikirie. "Ya ne znayu etogo slova", neno hilo silijui. Mtoto mwenye hivi vitatu mdomoni haanguki kirahisi, kwa sababu kukwama kwenyewe anakwama kwa Kirusi, na jaji anamwona bado yuko kwenye mazungumzo. Mimi ningekuwa na wiki mbili tu za kumwandaa mtu nisingegusa kingine.

Kasoro yake, inahitaji watu. Peke yako hupigi kadi. Pia bila mwalimu makini mtoto anazoea kuchapia na kuona sawa, mfano vitenzi vya kwenda, Kirusi kinatofautisha kwenda kwa miguu na kwenda kwa chombo, kwenda safari moja na kwenda kila mara, sasa watoto wanamaliza kadi nzima ya safari wakisema "ya idu v Moskvu", maana yake kama vile anakanyaga kwa miguu kutoka New Jersey mpaka Moscow. Mwenzie naye hajui, wanaendelea. Kadi zinampa mtoto mdomo, usahihi lazima uutafute pengine.

Mzazi usiyejua Kirusi hata herufi, kadi ndo njia pekee unayoweza kusaidia. Jifunze vineno vinne, "gde" wapi, "kogda" lini, "s kem" na nani, "pochemu" kwa nini. Mtoto akisema chochote kwa Kirusi wakati mnaosha vyombo, mrushie kimojawapo. Huna haja ya kuelewa jibu, wewe angalia tu kama anaendelea kuongea au amenyamaza, akinyamaza sana ujue hapo ndo pa kwenda kufanyia kazi. Mama mmoja nilimwambia hivi akaona namtania, mpaka mwanae akaanza kumkwepa jikoni.

Kupiga stori na mzungumzaji mwenyewe

Njia ya tatu, unamtafutia mtu. Anaweza kuwa bibi wa jirani, huku miji mingi ina watu waliotoka Urusi, Ukraine, Uzbekistan, Kazakhstan, Georgia, na wazee wao wengi Kirusi ndo lugha waliyoiweza. Au unamlipa mwalimu mtandaoni. Wazazi wengi wanakimbilia hapa moja kwa moja kwa sababu inaonekana ndo ya maana, si anaongea na mwenye lugha bwana.

Kiukweli mtoto wa levo ya kwanza hapa unachoma hela. Nusu saa yote yeye anasema "da", "khorosho", mwalimu ndo anaongea, na yule bibi wa jirani kwa upendo wake anammalizia sentensi zote kabla hajazifikisha nusu. Mazungumzo huru yanataka mtoto awe na mtaji wa kuchezea. Levo ya tatu kwenda juu ndo yanaanza kulipa, hapo sikio linafunguka, anazoea kasi ya kawaida, anasikia watu halisi wanavyoanza na kumaliza maneno yao, anaacha kuongea kama kitabu cha darasa la pili.

Ukiamua kulipa, mambo mawili. La kwanza, mwambie mwalimu waziwazi kwamba unataka amkatize mtoto na amuulize maswali yasiyotarajiwa, asimfundishe sarufi upya, maana wengi ukiwaacha wenyewe watageuza kipindi kuwa mazoezi ya kujaza nafasi. La pili ni masaa. Walimu wa Bishkek, mji mkuu wa Kyrgyzstan, wapo wengi na bei yao mara nyingi inavumilika kuliko ya mtu wa hapa, lakini Bishkek iko mbele ya New York masaa 10, na kabla huku hawajabadili saa mwezi Machi ni 11. Mtoto wako akitoka shule saa tisa alasiri kule ni saa saba au saa nane usiku, mwalimu kalala fofofo. Itabidi iwe alfajiri kabla ya shule au asubuhi za wikendi. Watu wanalipia kifurushi kizima ndo wanakuja kugundua.

Halafu kitu kidogo cha adabu, tangu Urusi iivamie Ukraine Februari 2022 mambo ni moto kwa hawa watu, na wengi wanaoongea Kirusi huku si Warusi. Mwambie mtoto asimwanze mwalimu wala jaji kwa maswali ya kwenu ni wapi na vita unaionaje. Akiulizwa yeye kuhusu familia aongelee familia, inatosha.

Mtoto aliyekulia kwenye Kirusi, huyo mwenzangu ni kesi nyingine

Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu njia inayomwokoa mtoto wa darasani inamharibu huyu. Unakuta baba Mkenya, mama Mrusi, walikutana chuo kulekule, mtoto anaongea na mama yake toka yuko tumboni. Wazazi wanajiamini, huyu si dhahabu tayari? Hapana, huyu anashindanishwa na wenzie waliokulia hivyohivyo, na kipimo chake ni kikali zaidi.

Shida yake si swali la pili, swali la pili analimeza. Shida yake ni kwamba anaongea na jaji kama anaongea na mama jikoni. Anaingia anasema "privet" badala ya "zdravstvuyte", anamwita jaji "ty" badala ya "vy", sawa na mtoto wa kwetu aingie kwa mwalimu mkuu aseme mambo vipi badala ya shikamoo. Anachomeka Kiingereza kila neno la pili bila kujisikia. Akipewa kusoma ndo majanga, kuna wanaoongea vizuri halafu wanasoma kwa kidole herufi moja moja. Ukimpeleka huyu kwa bibi wa jirani kupiga stori ni kumpeleka tena jikoni. Yeye mpe topiki, ndiyo, ileile topiki niliyoisema vibaya huko juu, mpe ndefu na ya kiutu uzima, aeleze sinema aliyoiona, atetee maoni yake, aanze na "vo-pervykh" kwanza, aje "vo-vtorykh" pili, na asome kwa sauti kila siku. Kadi kwake ni mchezo, achezeshe wenzie wa darasani, atawafaa wao kuliko zinavyomfaa yeye.

Kipande cha utamaduni: apu ya maswali au kusimulia?

Watoto wanapenda apu, swali mbele jibu nyuma, anabofya anapata. Baikal kina chake mita 1,642, ndo ziwa lenye kina kirefu kuliko yote duniani. St. Petersburg ilianzishwa 1703 na Peter Mkuu. Reli ya Moscow mpaka Vladivostok kilomita 9,289. Gagarin, mtu wa kwanza angani, alipaa tarehe 12 Aprili 1961, dakika 108. Kwa kujaza kichwa apu ni nzuri, mimi sina ugomvi nayo.

Ila jaribu hili: mtoto anayejibu 1961 kwa kubofya, mwambie aseme. Kwa Kirusi mwaka hausomwi kama namba ya simu, ni "v tysyacha devyatsot shestdesyat pervom godu", lile neno la mwisho kwenye namba linageuka kuwa "wa kwanza" tena limevaa padezhi. Ndo hapo unamwona mtoto anayejua kila kitu anagugumia "tysyacha... devyat..." halafu anaishia kusema "zamani". Kwa hiyo tarehe tano zinazotamkika zinashinda hamsini za kwenye apu. Chagua vitu vichache, Gagarin, Petersburg, Baikal, sikukuu moja kama Maslenitsa pale wanapokula blini, vile vichapati vyembamba vya kwao, na Pushkin, mshairi wao mkubwa, kila kimoja mtoto akisimulie kwa sentensi nne tano kwa sauti, mwaka ukiwa ndani. Halafu unamrushia "pochemu".

Pushkin nimemtaja kwa makusudi. Babu wa mama yake, Abram Gannibal, alitolewa Afrika akiwa mtoto akapelekwa kwa Peter Mkuu, akaishia kuwa jenerali wa Urusi. Wanahistoria bado wanabishana alitoka sehemu gani ya Afrika, wengine pembe ya huku Ethiopia na Eritrea, wengine maeneo ya Kameruni karibu na ziwa Chad. Mtoto wako akilisema hili kwa Kirusi chake kidogo, kwa kuwa linamgusa, ataongea kwa namna ambayo hakuna apu itakayompa. Nimeona watoto waliokuwa wakinong'ona toka mwanzo wakafika hapa wakakaa wima.

Shairi: fupi au refu?

Kwanza ulizia kama kanda yenu imepanga shairi kwa kila levo, kama limepangwa hakuna cha kuchagua. Kama mna uhuru, wazazi na watoto wote wanavutiwa na refu wakidhani majaji watashangaa. Mimi nachagua fupi siku zote. Lile la Pushkin la 1829, "Ya vas lyubil", ni mistari minane tu na kila Mrusi analijua, uzuri wake mtoto wa levo ya pili analimaliza kulihifadhi wiki moja na wiki zilizobaki zote anazitumia kwenye sauti. Ubaya wa kujulikana, ukikosea silabi moja jaji anasikia papo hapo. Lermontov naye ana "Parus" la 1832, mistari kumi na miwili, picha zake ni bahari na tanga, kijana anayeona aibu kusimama mbele za watu na kutangaza mapenzi atapumua. Kati ya haya mawili mwachie mtoto mwenyewe achague, mtoto wa miaka kumi na tano kulazimishwa kusema nilikupenda mbele ya watu wazima wawili asiowajua kunamwua kabisa.

Kwenye sauti watoto wanaotoka nyumba za Kiswahili wana mtaji wao. R inayoviringika tunayo, wenzao wa Kiingereza wanahangaika nayo miaka. Kh ya kheri tunayo. Ny tunayo, inamsogeza karibu sana na n laini ya Kirusi. Panapotuangusha ni mkazo, sisi mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho karibu siku zote, wa Kirusi unatangatanga, leo mwanzo kesho mwisho, na o isiyo na mkazo inageuka a, maziwa yanaandikwa moloko yanatamkwa malako. Kwa hiyo shairi lisihifadhiwe kwa macho hata siku moja. Atafute rekodi, asikie kwanza, ndo karatasi ije.

Sasa uchague vipi

Mwaka wa kwanza wa Kirusi, topiki, lakini uzikate vipande. Sentensi tatu za dada, tatu za shule, tatu za mbwa, kila kipande kisimame peke yake na kila kipande kivunjwe na swali. Hizo ndo zitakuwa mtaji wa kuingia kwenye kadi kama mwezi mmoja kabla. Hela usitoe.

Mwaka wa pili, kadi mwanzo mwisho, topiki ziwe za kujazia pale maneno yanapokosekana. Hapa pia ndo mtu wa kumsahihisha anahitajika, si lazima mzungumzaji mzawa, mwalimu wa shule akimsikiliza dakika kumi kwa wiki anatosha.

Wa tatu na kuendelea, kama hela ipo mlipie mtu, mara moja kwa wiki, na kadi ziendelee shuleni. Kama hela haipo bibi wa jirani ni mwalimu mzuri ila mwombe kwa heshima asimmalizie mtoto sentensi, mpelekee na maandazi.

Aliyekulia kwenye Kirusi, topiki za kiutu uzima na kusoma kwa sauti, basi.

Mwoga, yule anayejua ila mbele za watu anakauka, huyu levo yoyote mpe kadi na watu asiowazoea. Omba klabu ya shule nyingine mkutane Jumamosi, wabadilishane majaji, mara mbili tu utaona tofauti. Kumfungia chumbani na topiki ni kumwongezea woga.

Kwa wanaobaki na siku chache, utamaduni mpya usimwongezee, tarehe mpya zitamchanganyia za zamani. Arudie shairi kwa sauti, apige kadi mbili kwa siku, vile vijineno vitatu vya kujinusuru aviseme hata akipiga mswaki. Na kama shindano ni la mtandaoni mnunulie earphone zenye maikrofoni, hata zile za bei rahisi, usimwache aongee na kompyuta iliyoko mbali mezani. Kirusi kinabeba kazi yake kwenye mkia wa neno, padezhi iko pale, jinsia iko pale, na maikrofoni mbovu kitu cha kwanza inachokimeza ni mkia. Mtoto kasema sawasawa, jaji kasikia nusu, na huwezi kwenda kukata rufaa kwa herufi moja. Mjaribishe siku moja kabla na mtu wa nyumba nyingine, amrekodi, mkae msikilize pamoja kama mikia inasikika.